Ruzuku ya kilimo inaishia kwa nani? Jinsi ya kuifuata hadi kwa mpokeaji

Orodha ya waliopata ruzuku ikitua mezani, kila mtu hukimbilia majina anayoyajua. Jina la diwani, la shemeji wa diwani, la jirani ambaye mahindi yake msimu huu yamestawi kupita kiasi. Sikatazi, mara nyingine jina linapatikana. Ila anayeanzia hapo huishia na umbea wenye namba, na siku mhusika akimbana kwa swali moja tu la kitaalamu, anakwama.

Kazi yangu ilikuwa kukagua hesabu za vyama vya ushirika vya wakulima. Nimestaafu, lakini makaratasi hayajastaafu. Vijana wa asasi, waandishi wa habari, mara wakulima wenyewe, bado wananiletea orodha wakitaka nizitupie jicho. Nawaambia wote yale yale, na ninaanza na kitu ambacho hakuna anayetaka kuanza nacho: mwongozo wa mpango wenyewe, ule waraka mrefu uliojaa vifungu ambao hata waliousaini hawajaumaliza.

Tafuta kipimo kabla ya jina

Kila ruzuku ina kitu kinachohesabiwa ili mtu apewe. Nyingine inahesabu hekta, nyingine mifuko, nyingine kilo zilizouzwa, nyingine vichwa vya mifugo, nyingine kaya. Hicho ndicho kipimo, na ndicho kinachochagua mpokeaji kabla karani hajashika kalamu.

Chukua Umoja wa Ulaya. Sera yao ya Pamoja ya Kilimo ilianza mwaka 1962, na hadi leo inakula kama theluthi moja ya bajeti ya Umoja. Sehemu kubwa ya fedha hiyo hulipwa kwa hekta. Matokeo yake yanajulikana: karibu asilimia 80 ya malipo ya moja kwa moja huenda kwa kama asilimia 20 ya wapokeaji. Watu wakisikia namba hiyo hupiga kelele za wizi. Hakuna haja ya wizi hapo. Ukilipa kwa hekta, mwenye hekta nyingi anapata nyingi, na karani mwaminifu kuliko wote duniani hawezi kubadilisha hesabu hiyo. Kama una ugomvi, ugombane na kipimo.

India ina mipango ya sura mbili, nami hupenda kuiweka kando kwa kando. Tangu 2019, mpango wa PM-KISAN huzipa familia za wakulima rupia 6,000 kwa mwaka kwa awamu tatu, sawa kwa mwenye kipande na mwenye shamba kubwa. Inapendeza, mpaka usome sharti: ardhi iwe kwenye kumbukumbu kwa jina la familia. Anayelima shamba la kukodi, au kwa kugawana mavuno na mwenye ardhi, hayumo, hata kama jembe halijawahi kutoka mkononi mwake. Upande wa pili kuna bei ya chini inayotangazwa na serikali kwa mazao kama ngano na mpunga. Hiyo iko wazi kwa kila mkulima, kwa maneno. Kamati iliyoongozwa na Shanta Kumar ilikadiria mwaka 2015 kwamba ni asilimia 6 tu ya wakulima wanaouza kwa bei hiyo. Kipimo ni kilo zilizofikishwa kwenye kituo cha kununulia, kwa hiyo mwenye magunia machache, ambaye huyauza kwa mchuuzi aliyemfuata nyumbani kwa sababu ana deni la haraka, ruzuku inampita mlangoni.

Kuna tabia nyingine ya kuangalia: masharti mawili yanayovutana. Tanzania ilipoendesha mfumo wa vocha za pembejeo kuanzia msimu wa 2008/09, mlengwa alitakiwa awe mkazi wa kijiji, anayelima mahindi au mpunga usiozidi hekta moja, na kipaumbele kiende kwa kaya zinazoongozwa na wanawake na kwa wale ambao hawakuwa wametumia pembejeo hizo kwa miaka ya karibuni. Vizuri sana. Hapohapo, vocha ilibeba kama nusu ya bei, nusu nyingine mkulima aitoe mfukoni. Sasa jiulize: ni mjane gani, hajawahi kununua mbolea maisha yake, atakayekuwa na fedha hiyo wakati wa kupanda, ambapo ghala lake limebaki vumbi? Ukikuta sharti la kuchangia, jua kwamba chini ya orodha rasmi kuna orodha ya pili, ya wenye fedha siku mzigo ulipofika. Na katikati ya hizo mbili ndipo biashara ya vocha hutokea. Maskini anasaini kwamba amepokea mfuko, anachukua visenti kutoka kwa muuzaji, mfuko unabaki dukani, na muuzaji anadai serikalini kana kwamba ameutoa.

Kwa hiyo, kwenye karatasi moja andika mambo matano: kipimo, sharti la kuingia, mpokeaji anachangia nini, dari (kiwango cha juu anachoweza kulipwa mmoja) ni kiasi gani, na nani anaorodhesha.

Dari isomwe kwa makini kuliko vyote. Nchini Marekani sheria ya kilimo ya 2014 iliweka dari ya dola 125,000 kwa mtu kwa mwaka kwa malipo ya mazao makuu, na sheria ya 2025 ikaipandisha hadi 155,000. Inaonekana ni ukuta. Lakini uliza “mtu” ni nani. Mke au mume anaweza kuhesabiwa naye. Katika ubia, kila mbia anaweza kuwa na dari yake. Mwaka 2018 bunge likaongeza binamu, wapwa na watoto wa ndugu kwenye jamaa wanaoweza kuingizwa kwa masharti hayo mepesi ya familia. Shamba ni lile lile na trekta ni zile zile, ila watu wa kulipwa wameongezeka. Ukisoma orodha ya nchi yoyote yenye dari, tafuta majina yaliyojazana karibu kabisa na dari, hasa yenye ukoo mmoja na sanduku la posta moja.

Kupata orodha

Hapa nchi zinatofautiana sana, nami nitapita haraka.

Ulaya orodha hutolewa kwenye tovuti, kila nchi na yake, kabla ya tarehe 31 Mei, kwa malipo ya mwaka wa fedha uliopita. Kuna mambo mawili ya kujua. Anayepata chini ya euro 1,250 hatajwi jina. Na taarifa hukaa wazi kwa miaka miwili tu, halafu huondolewa. Pakua siku ileile, uweke tarehe kwenye jina la faili. Kuna watu waliojitwika kazi ya kuhifadhi orodha hizo kwa miaka mingi, na bila wao nusu ya kumbukumbu ingekuwa imepotea. Novemba 2010 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilisema kuchapisha majina ya watu binafsi bila mipaka kunavunja haki yao ya faragha, baada ya wakulima wa Ujerumani kushtaki, na uchapishaji wa majina hayo ukasimama kwa muda hadi kanuni zilipoandikwa upya. Mimi sikuichukia hukumu ile. Mwenye mbuzi sita hana haja ya kujulikana duniani kote kwamba amepewa euro mia tatu.

Marekani unaweza kutazama malipo tangu 1995, mtu kwa mtu, kwenye hifadhidata ya Environmental Working Group, asasi iliyoomba takwimu hizo serikalini kwa sheria ya uhuru wa habari na kuzipanga zisomeke. Lakini usidhani umeona yote. Bima ya mazao haimo. Serikali hulipa, kwa wastani, kama asilimia 60 ya ada ya bima ya mkulima, na majina ya wanaofaidika hayatolewi kwa umma. Kila orodha ina tundu lake, na ukimaliza kuisoma uliza ni fedha gani ilipitia tundu hilo. OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi zilizoendelea, ilikadiria kwamba katika miaka ya 2021 hadi 2023, nchi 54 ilizozifuatilia zilisaidia kilimo kwa dola bilioni 842 kwa mwaka. Sehemu kubwa ya msaada huo haikuandikiwa mtu hundi: ni bei za ndani zilizoinuliwa kwa ushuru wa forodha, ambazo mlaji analipa dukani bila kujua. Huko hakuna orodha kabisa, unabaki na kipimo peke yake.

Kwingine, utaandika barua. Uganda ina sheria ya kupata taarifa tangu 2005, Kenya na Tanzania tangu 2016. Kenya sheria inampa ofisa siku 21 kujibu, Tanzania siku 30. Itaje sheria kwenye mstari wa kwanza, kwa heshima, bila vitisho. Kosa la wengi ni kuomba “taarifa zote za ruzuku ya mkoa.” Barua ya namna hiyo inajijibu yenyewe: haitajibiwa. Omba kata moja, msimu mmoja, na uombe karatasi tatu kwa majina yake: orodha ya walioandikishwa, rejista ya ugawaji yenye saini, na leja ya ghala au ya wakala. Moja peke yake haisemi kitu. Tatu zikikaa pamoja zinaanza kushtakiana.

Kama ofisi inaogopa faragha, sema mapema kwamba namba za vitambulisho na simu zifichwe tarakimu za katikati. Utabaki na tarakimu za kutosha kulinganisha, na ofisa atakosa kisingizio.

Soma karatasi kabla ya kusoma namba

Hapa ndipo ninapochukua muda wangu, na ndipo vijana wanapochoka, maana wao wanataka kuiingiza kwenye kompyuta mara moja. Subiri kidogo. Kama umepata nakala ya rejista ya mkono, iweke kwenye mwanga.

Rejista ya kweli ni chafu. Imekaa siku nzima juu ya mfuko wa mbolea, mlangoni mwa ghala, watu wakisukumana. Mbolea hunyonya unyevu, na mikono iliyobeba mifuko huacha alama. Kalamu iliisha wino katikati ya ukurasa, ikaazimwa nyingine, wino ukabadilika. Kuna mtu alisaini mstari usio wake, ikafutwa kwa mstari na kuandikwa pembeni. Kuna aliyekuja kwa niaba ya mama yake. Nikiletewa rejista nyeupe pee, wino mmoja kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, hakuna kosa hata moja, huwa navuta kiti karibu.

Rejista moja niliyoikagua ilikuwa na kurasa nzima za dole gumba. Majina tofauti, vitambulisho tofauti, ekari tofauti. Lakini kila dole lilikuwa limeinamia kushoto kwa pembe ileile, na kwenye kila moja palikuwa na mstari mwembamba mweupe uliokatiza katikati, kovu la kisu au la panga. Mtu mmoja alikuwa ameketi na kidau cha wino akipokea mbolea ya kitongoji kizima. Hata hakubadilisha kidole.

Angalia mpangilio wa majina. Kama rejista ilichapwa ofisini kabla ya ugawaji, majina yatafuata alfabeti na saini zitakuwa zimerukaruka, kwa kuwa si wote wanaokuja. Kama iliandikwa kwa mkono papo hapo, majina yatakuja kama watu walivyokuja: Zuhura kabla ya Asha, baba na mwana kwa kufuatana, majirani watatu waliopanda gari moja. Rejista ya mkono inayofuata alfabeti kutoka A hadi Z imenakiliwa kutoka kwenye karatasi nyingine. Omba ile karatasi nyingine.

Angalia ekari. Mashamba ya watu yana robo na nusu, na “ekari moja na kidogo.” Ukurasa wenye 1, 1, 2, 1, 2, 2, 1 haukupimwa wala hakuna aliyeulizwa, aliyejaza alikuwa anatafuta jumla fulani itimie. Angalia tarehe pia. Ugawaji wa siku moja kwa watu mia saba katika ghala lenye mlango mmoja, fanya hesabu ya dakika ngapi kwa kila mtu.

Halafu hamia kwenye leja. Hapa hesabu ni ya darasa la nne. Mfuko wa kilo 50, lori la tani 30, mifuko ni 600. Kama leja inasema lori moja lilishusha mifuko 900, ama lori lilivunja sheria ya barabara, ama mifuko 300 haikuwahi kuwapo. Linganisha tarehe ya mzigo kuingia na tarehe ya mkulima wa kwanza kupokea. Nimeshaona watu “waliopokea” mbolea siku mbili kabla lori halijafika. Na usisahau kalenda ya mvua: mbolea ya kupandia iliyoingia ghalani wakati mahindi yamefika magotini haikumfaa mkulima aliyesaini. Mara nyingi huuzwa kwa wenye mtaji wa kuihifadhi hadi msimu ujao, kwa hiyo hata kuchelewa kunachagua mpokeaji.

Sasa iingize kwenye kompyuta

Jedwali la kawaida linatosha. Panga wapokeaji kutoka aliyepata kingi hadi kidogo, kisha weka safu ya jumla inayoongezeka. Teremka hadi kumi ya kwanza kwa kila mia, usome wamechukua sehemu gani ya mgao. Wastani uachane nao. Tuseme watu mia wamegawana mifuko 1,000: wastani ni mifuko kumi kila mmoja, na namba hiyo itakuwa kweli hata kama mmoja alichukua 901 na waliobaki mmoja mmoja.

Kisha unganisha safu zinazofanana: simu, anwani, namba ya kitambulisho, namba ya akaunti. Simu moja kutokea mara tatu si dhambi, kijijini simu ya mjukuu ni ya ukoo mzima. Ikitokea mara arobaini, ipigie.

Halafu tafuta wasiokuwamo. Chukua idadi ya kaya zinazolima kwenye sensa, au hata orodha ya wanachama wa chama cha msingi, uone nani hayupo kwenye ruzuku. Wapangaji wa mashamba, wafugaji wanaohama, wanawake walioolewa ambao shamba limeandikwa kwa jina la mume. Hawa hawaonekani kwenye orodha kwa sababu ya wazi kabisa, na ndiyo maana ripoti nyingi huwaruka.

Fuata jina mpaka limfikie mtu

Jina kwenye orodha linaweza kuwa kampuni, kikundi, amana ya familia au ushirika. Kazi yako ni kuvuka. Nenda kwa msajili wa kampuni upate wakurugenzi na wanahisa. Nenda ofisi ya ardhi uone shamba linalodaiwa ni la nani. Hizo rejista mbili, pamoja na orodha ya ruzuku, ndizo nyenzo alizokuwa akizitumia Ján Kuciak, mwandishi kijana wa Slovakia. Alikuwa akifuatilia wafanyabiashara wa Italia waliohusishwa na kundi la uhalifu la 'Ndrangheta, waliokuwa wakiendesha kampuni za kilimo mashariki mwa nchi na kuvuna ruzuku za Ulaya. Yeye na mchumba wake Martina Kušnírová waliuawa kwa risasi Februari 2018, na habari yake ikachapishwa haijakamilika. Waziri mkuu Robert Fico alijiuzulu mwezi uliofuata kutokana na maandamano. Nalitaja hili kwa kila anayeniletea karatasi akidhani ruzuku ya kilimo ni habari za kuchosha. Usifanye kazi hii peke yako, na nakala zisikae sehemu moja.

Ugiriki nayo inafundisha upande wa ardhi. Waendesha mashtaka wa Umoja wa Ulaya walifuatilia malipo ya malisho ambayo waombaji hawakuyamiliki wala kuyakodi, mengine yakiwa mbali sana na walikoishi. Juni 2025 waziri mmoja na manaibu kadhaa walijiuzulu. Fomu zilikuwa zimejazwa vizuri tu. Kilichokosekana ni mtu wa kulinganisha fomu na ramani. Siku hizi picha za setelaiti ni bure kwa yeyote mwenye intaneti. Andika majiranukta ya shamba, zile namba za mahali lilipo kwenye ramani, uangalie kama pana shamba au jabali.

Anayeorodhesha na mashine yake

Rudi kwenye ile karatasi ya mambo matano, kwenye jambo la mwisho. Vocha za Tanzania ziligawiwa na kamati za vijiji, na nia ilikuwa njema: nani anamjua maskini kuliko jirani yake? Watafiti Lei Pan na Luc Christiaensen walikwenda Kilimanjaro kuhesabu, na matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2012, yalionyesha kwamba kama asilimia 60 ya vocha ziliingia kwenye kaya za viongozi wa vijiji waliochaguliwa. Ukipata orodha ya kijiji, basi, iambatanishe na orodha ya wajumbe wa serikali ya kijiji, wa kamati na wa bodi ya ushirika. Ni karatasi moja ya ziada, na inatoa zaidi ya jedwali lolote.

Tangu hapo serikali nyingi zimehamia kwenye simu na kompyuta. Nigeria, wakati Akinwumi Adesina ni waziri wa kilimo, ilianza mwaka 2012 kupeleka vocha kwenye simu ya mkulima. Mwenyewe alikuwa akisema kwamba chini ya mfumo wa zamani ni kama asilimia 11 tu ya wakulima waliopata mbolea ya serikali. Tanzania iliporudisha ruzuku ya mbolea mwaka 2022, wakulima walisajiliwa kwenye mfumo wa kidijitali. Kenya nayo iliandikisha wakulima na kuwatumia ujumbe wa simu, na mwaka 2023 mfuko wa kilo 50 ukashushwa hadi shilingi 2,500.

Nakubali kwamba mashine imepunguza yale madole gumba. Haijaondoa mlango, imeuhamisha. Sasa uliza: nani aliyesajili, alilipwa kwa kila jina? Laini ya simu ni ya nani? Wakala aliuza saa ngapi? Mauzo ya mifuko mia mbili kati ya saa sita na saa nane za usiku yanajieleza. Na umbali wa kituo: mkulima aliyepata ujumbe lakini kituo kiko kilomita hamsini atalipa nauli inayokula punguzo lote, kwa hiyo mwenye pikapu atakusanya namba za wenzake awachukulie, kwa bei yake.

Mfuko nao ufunguliwe. Kenya mwaka 2024 ilibainika kwamba baadhi ya mifuko iliyouzwa kwa wakulima kama mbolea ya ruzuku haikuwa mbolea ya kiwango. Orodha ya majina inaweza kuwa safi kabisa wakati mkulima kapewa vumbi.

Mwisho nenda shambani

Chagua majina kwa bahati nasibu kutoka kwenye rejista, usichaguliwe na mwenyekiti. Ukifika, shikamoo na mazungumzo ya kawaida kwanza, daftari baadaye. Usiulize “ulipata ruzuku?” Mtu ataogopa, au atajibu anachodhani unataka. Uliza msimu ulikuwaje, mbolea alinunua wapi, alilipa kiasi gani, ilibebwaje mpaka nyumbani. Omba kuona mfuko mtupu. Mifuko ya mbolea haitupwi, inawekewa mkaa, inaanikiwa dagaa, inazibia paa. Nembo na namba za shehena mara nyingi bado zinasomeka.

Utakutana na majibu yasiyotoshea kwenye safu zako. Malawi, kwenye mpango wa pembejeo ulioanza msimu wa 2005/06, kuponi zilikuwa za baadhi tu ya kaya kijijini, kila moja mifuko miwili. Machifu wengi waliona kuliko kijiji kigombane, mbolea igawanywe kwa wote. Aliyeandikwa mifuko miwili alikuta ana mmoja au nusu, na aliyekuwa hayumo akapata debe. Kwenye kompyuta hilo linasomeka kama mbolea iliyoibwa. Mimi singeliandika hivyo bila kuwauliza wanakijiji wenyewe kama walikubaliana, na kama nyumba ya chifu ilipata sawa na nyumba nyingine.

Uliza pia kuhusu kodi ya shamba. Ruzuku ikilipwa kwa ekari, mwenye ardhi husikia habari hiyo kabla ya mpangaji kuvuna. Huko Marekani mchumi Barrett Kirwan alikadiria mwaka 2009 kwamba kama robo ya kila dola ya ruzuku iliishia kwa mwenye ardhi kupitia kodi iliyopanda. Historia ya huko ina ukali zaidi. Sheria ya kilimo ya 1933 iliwalipa wenye mashamba ya pamba wapunguze eneo la kulima, na wengi wao wakawafukuza wakulima wa kugawana mavuno, ambao sasa hawakuhitajika. Mwaka 1934, karibu na Tyronza, Arkansas, weusi na weupe waliofukuzwa waliunda chama kimoja cha wapangaji wa mashamba ya kusini. Kwa hiyo mpangaji muulize: kodi ilikuwa kiasi gani kabla ya mpango, na sasa?

Ukishamaliza, andika unachokijua na karatasi inayokithibitisha, mstari kwa mstari. Kwa kila mtu unayemtuhumu, mpelekee maswali kwa maandishi na umpe muda wa kujibu. Nimeona zaidi ya mara moja jibu la kawaida kabisa likibomoa tuhuma nzuri, kama vile majina mawili yanayofanana katika kata moja. Na kabla msimu mpya haujaanza, peleka barua nyingine, safari hii ukiomba orodha ya waliopendekezwa ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kijiji wakati bado inaweza kubadilishwa.